Shuka Lilikuwa Jeupe

Juni 12

Jambo hili sijawahi kumwambia mtu: nina picha elfu mbili mia tatu na kumi na nne kwenye kompyuta ya zamani ya kaka yangu, na hakuna hata moja yenye uso wa mtu. Kuna milango na makufuli. Kuna theluji juu ya waya za umeme, mikono ya Mama ikikanda unga, mgongo wa Bibi akielekea bustanini. Uso hakuna. Nikimwona mtu ambaye ningependa kumpiga picha, neno "naomba" hupanda mpaka kooni na kukaa hapo. Kwa hiyo napiga vitu ambavyo haviombwi ruhusa.

Shule imefungwa. Leo kaka Umed amepiga simu kutoka Yekaterinburg, Urusi, anakofanya kazi ya ujenzi pamoja na Baba. Kwa kuwa nimemaliza darasa la kumi nikiwa wa kwanza, amesema ataninunulia simu mpya, nichague mwenyewe.

Nikasema, "Naomba kamera."

"Simu si inapiga picha, wewe Munisa?"

"Najua."

"Haya, kamera. Lakini usije ukanipigia milango tu."

Labda kuna mtu mmoja anayejua.

Juni 15

Nimekwenda Isfara mjini kwa Usto Vahhob, fundi wa picha. Studio yake iko nyuma ya kituo cha mabasi, na kwa miaka arobaini amepiga picha za pasipoti za watu wanaokwenda Urusi. Hakuna mwanamume wa kijiji chetu ambaye hajakaa kwenye kiti chake. Nilisimama mlangoni mpaka akaniuliza kama nimekuja kupigwa picha au kuuzuia mlango usianguke.

Nikamwonyesha orodha yangu. Nilikuwa nimeandika kamera kumi na moja na megapikseli za kila moja, kwa kalamu za rangi.

"Binti yangu," akasema, "megapikseli ni kama vyumba. Nyumba ya vyumba ishirini isiyo na dirisha, utaishi humo?" Akaikunja orodha na kunirudishia. "Lenzi ndiyo dirisha. Tafuta dirisha kwanza. Halafu ishike mkononi. Vidole vikishindwa kupata vitufe bila macho kuvitafuta, iache papo hapo."

Akanipa pia kipande cha karatasi nyeupe nene, ukubwa wa kiganja. Nikitaka kupiga chochote, kwanza niiweke karatasi kwenye mwanga uleule, niipige, niiambie kamera kwamba hii ndiyo nyeupe. "Macho ya mtu yanasamehe. Kaa kwenye chumba chenye pazia jekundu dakika tano, utaona kila kitu sawasawa. Kamera haisamehi. Ndiyo maana wengine hawaipendi."

Juni 18

Nimekwenda mji wa Khujand na Mama. Joto la kuoka mkate barabarani.

Muuzaji wa kamera alikuwa na meno mawili ya dhahabu na alitaka nichukue kamera ndogo inayong'aa, ya fedha, yenye lenzi inayochomoza kama shingo ya kobe. "Hii, dada, inavuta mpaka unahesabu nywele za mbuzi aliyeko Uzbekistani."

Mama akamuuliza, "Mbuzi wa Uzbekistani wana nini ambacho wa kwetu hawana?"

Nyuma ya muuzaji, chini ya mikanda na chaja, niliona nyingine: nyeusi, nzito, imekwaruzika pembeni, miaka yake si michache. Nikaishika. Vidole vilifika vyenyewe. Nikaielekeza kwenye anga tupu, nikapiga, nikaikuza picha kutafuta vumbi la ndani; madoa mawili tu. Nikaitazama lenzi dhidi ya jua kuona kama imeota ukungu. Nikauliza imeshabonyezwa mara ngapi.

"Huyu ni mteja au daktari?" muuzaji akamuuliza Mama. Kisha akaniambia kwa huruma kidogo, "Hiyo lenzi yake haivuti, dada. Ukitaka kumkaribia mtu itabidi utembee kwa miguu yako."

Nimeichukua hiyo.

Juni 19

Nimesoma kijitabu chake mara mbili.

Juni 20

Mara ya tatu. Aprikoti za kwanza zimeiva kwenye mti wa ukutani.

Juni 23

Mavuno yameanza. Tunatikisa matawi juu ya mashuka, tunapasua, tunatoa kokwa, tunapanga nusu-nusu juu ya trei na kuzipandisha paani zikauke. Kila kitu nyumbani ni cha manjano, hata kucha zangu.

Wifi yangu Dilorom, mke wa Umed, yuko siku za mwisho za ujauzito. Anakaa kivulini akipasua aprikoti na ubao juu ya tumbo. Aliolewa mwaka jana kutoka ng'ambo ya mto, na mbele ya Bibi huongea kwa kunong'ona kama inavyompasa bi harusi. Mimi namwona kama maji ya uvuguvugu. Hanichomi wala hanipozi. Leo lakini, Bibi alipoondoka, aliniambia, "Wifi, hizo aprikoti umezipiga picha wiki nzima. Unangoja zije na posa?"

Nilicheka kupita kiasi.

Juni 28

Amezaliwa. Msichana. Kilo tatu na robo. Bibi amempa jina Savsan.

Julai 1

Wameletwa nyumbani. Sasa tumo kwenye siku arobaini za uzazi, na chumba cha Dilorom ni nchi ya Bibi. Dilorom na mtoto hawatoki. Mgeni haingii. Mtoto haachwi peke yake hata dakika moja; taa inawaka mchana na usiku; chini ya mto kuna kisu, mkate na kitunguu saumu. Pazia jekundu la mahameli, ambalo Bibi alilishona kabla Baba hajazaliwa, limefungwa mpaka chini. Mtoto amelazwa kwenye gahvora, kitanda chake cha kubembea, chini ya vitambaa saba. Na hakuna picha. Bibi alisema hilo akiniangalia mimi.

"Kabla ya siku arobaini mtoto bado yuko mlangoni," alisema. "Jicho lolote linaweza kumrudisha. Na hicho kidude chako ni jicho lisilopepesa."

Nimesoma biolojia. Siamini. Lakini nilipotoka chumbani nilijikuta nimeiweka kamera nyuma ya mgongo.

Julai 2

Nesi wa kijiji amekuja na mizani yake. Bibi alimfunulia miguu tu. Nesi akacheka, akaandika, akala aprikoti, akaondoka. Ana nyumba nyingi na kila nyumba iko kwenye mavuno.

Mtoto hakulia leo. Bibi anasema ametulia kama babu yake.

Julai 3

Umed amepiga simu mara tatu. "Hata kidole tu, Munisa. Wenzangu hapa kila mmoja ana picha ya mwanawe kwenye simu, mimi nina picha ya mashine ya zege."

"Bibi amekataza."

"Bibi yuko Isfara. Mimi niko kilomita elfu mbili."

"Mimi pia niko Isfara," nikamwambia.

Mtoto hakulia.

Julai 4

Tumepasua ndoo kumi na nne. Majirani wanasema tuna bahati, mtoto halii, mama anapumzika.

Julai 5

Nitaandika kwa mpangilio.

Baada ya chai ya asubuhi mawingu yalishuka kutoka milimani. Aprikoti za wiki nzima zilikuwa paani, na zikinyeshewa zinageuka nyeusi, hakuna anayezinunua. Kila mtu alipanda: Mama, majirani wawili, na Bibi mwenyewe na miguu yake mibovu. Akiwa kwenye ngazi aliniita. "Munisa, kaa na mtoto. Usitoke hata paa likianguka."

Dilorom alikuwa amelala, uso ukutani. Nilikaa kando ya gahvora. Juu yangu nyayo zilikimbia na trei zikakwaruza. Kisha nikaona, pale pazia lisipofika vizuri sakafuni, mstari wa mwanga. Ulikuwa mwanga wa mawingu, ule laini usio na kivuli kikali, ambao nimeusoma kwenye kijitabu na kuungoja wiki mbili za jua kali.

Nilikwenda kuichukua kamera. Maana yake nilimwacha mtoto peke yake na mama aliyelala, kwa muda wa kuvuka ukumbi na kurudi. Nikalifungua pazia upana wa kiganja. Nikafunua vitambaa, kimoja kimoja. Alikuwa amelala juu ya shuka jeupe, mkono mmoja shavuni. Niliweka karatasi ya Usto kando ya kichwa chake, nikaipiga, nikaiambia kamera kwamba hii ndiyo nyeupe. Nikaondoa karatasi. Lenzi haivuti, kwa hiyo niliinama mpaka nikasikia pumzi yake. Nilipiga tatu.

Ni uso wa kwanza maishani mwangu. Hakuweza kuombwa na hakuweza kukataa.

Nilijiambia ni kwa ajili ya Umed. Nikiandika sasa naona si kweli. Sikuwa nikimfikiria Umed wala mtoto. Nilikuwa nikifikiria mwanga.

Mvua haikunyesha.

Julai 6

Picha ni nzuri sana na ina kasoro moja: ni ya manjano. Shavu, paji la uso, hata kope. Nimefikiri sana. Trei nyingine za aprikoti ziko nje ya dirisha mpaka ukutani, na mwanga ukigonga kitu chenye rangi unaibeba rangi hiyo; kijitabu kinasema hivyo. Basi ni aprikoti.

Nilikaa na kompyuta saa mbili nikiisogeza rangi kutoka manjano kuelekea bluu, kidogo kidogo, mpaka shavu likawa la waridi. Nilijivunia. Nikamtumia Umed na kumwapisha asimwonyeshe mtu wala asiseme.

Alijibu upesi: "Mwekundu kama tofaa. Dada yangu, Mungu akupe." Halafu ujumbe mwingine: "Baba amelia. Usimwambie Mama."

Julai 7

Dilorom amemuuliza Mama kwa kunong'ona kama watoto wote hulala hivi. Bibi akajibu kabla ya Mama, "Wanaolelewa vizuri."

Mtoto hakulia.

Julai 8

Nilimpelekea Usto Vahhob ile picha. Sijui kwa nini nilishindwa kukaa nayo peke yangu. Nadhani nilitaka mtu anayejua aniambie ni nzuri. Nilisema ni mtoto wa rafiki yangu.

Aliitazama kwenye kompyuta yake muda mrefu. "Mwanga umeukamata vizuri. Na umesogea karibu. Hongera." Kisha akagusa kona ya picha. "Hili shuka ni la rangi gani?"

"Jeupe."

"Hapa ni la bluu."

Nilitazama. Lilikuwa bluu, kama maziwa yaliyotiwa maji. Saa mbili nzima nilikuwa nimetazama shavu, sikuwa nimetazama shuka hata mara moja. Nikaeleza habari za aprikoti na mwanga unaobeba rangi. Akaomba kadi ya kamera, akafungua picha ya asili, na kabla yake ile ya karatasi.

"Karatasi nyeupe," akasema. "Shuka jeupe. Mwanga ungekuwa wa manjano, vyote vingekuwa vya manjano." Akavua miwani. "Kamera haikukosea, Munisa. Huyu mtoto ndiye wa manjano. Ana siku ngapi?"

"Kumi na moja."

"Ananyonya?"

Sikujua. Nilisema nadhani.

"Mwambie rafiki yako ampeleke hospitali leo. Si kesho." Alinitazama kama anavyowatazama watu kwenye kile kiti kabla ya kubonyeza. "Rafiki yako anaishi karibu?"

"Karibu," nikasema.

Nilirudi nyumbani saa tisa. Bibi alikuwa mlangoni mwa chumba akisokota uzi. Aliniuliza kama nimekula. Nikasema ndiyo. Niliosha trei zote, hata zilizokuwa safi. Sikusema.

Nikisema, nimevunja siku arobaini. Nisiposema, sijui nitakuwa nimevunja nini.

Julai 9

Leo asubuhi, kwenye kitambaa cha chakula kilichotandikwa sakafuni. Mama anamimina chai, Bibi anamega mkate. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi, yote yakapotea.

"Bibi, nimefanya kosa."

"Umeunguza nini?"

"Nilimpiga picha mtoto."

Mama akasema, "Munisa," polepole tu, kama mtu anayezuia kikombe kisianguke.

"Lini?" Bibi akauliza.

"Siku ya mawingu. Mlipokuwa paani. Nilifungua pazia."

Hakupaza sauti. Aliweka mkate chini, uso wake ukiangalia juu, kama anavyotufundisha tusiuweke mkate kifudifudi. "Nilikuacha umlinde," akasema.

Hilo tu. Afadhali angenipiga.

"Bibi, picha imetoka ya manjano. Nilidhani ni mwanga. Si mwanga, ni yeye. Naomba tumtazame nje, kwenye jua."

"Watoto wachanga wana rangi zao. Nimezaa saba."

"Naomba, Bibi."

"Siku arobaini hazijaisha."

Nikamtazama Mama. Mama alikuwa akitazama maua ya kitambaa. Kwa miaka ishirini na miwili hajawahi kumwambia mama mkwe wake hapana, na niliona midomo yake ikitafuta neno linavyoanza.

Ndipo mlango wa chumba ukafunguka. Dilorom alikuwa amesimama peku, mtoto kifuani.

"Hajanyonya tangu alfajiri," akasema, na hakunong'ona. "Jana alinyonya mara mbili. Nikimwamsha hafungui macho. Nilidhani maziwa yangu ndiyo mabaya, nikaona haya kusema."

"Rudi ndani, mwanangu," Bibi akasema. "Upepo."

Dilorom alipita mbele yake. Alishuka ngazi, akaingia uani katikati ya trei, akasimama juani na kumfunua.

Tulimfuata sote. Savsan alikuwa wa manjano mpaka nyayo. Weupe wa macho yake, alipofungua kidogo, haukuwa weupe. Aprikoti zangu zilikuwa pale kando, zimekunjamana, zenye rangi zao zenyewe, na hazikuhusika na lolote.

Bibi aliinama. Alibonyeza paji la uso la mtoto kwa kidole gumba, akaachia, akatazama ngozi ikirudi manjano. Alifanya hivyo mara mbili. Nilingoja aseme ni kamera.

"Mnangoja nini?" akasema. "Mwiteni Rajab na gari lake."

Rajab ni jirani wa ukuta mmoja. Bibi alikuwa wa kwanza garini, na kalosi zake za mpira za bustanini miguuni.

Hospitalini daktari, mwanamke mwenye mikono mepesi, aliuliza mtoto amekuwa hivi tangu siku gani. Hatukujua. Chumba kilikuwa giza, tulikuwa paani, mtoto alikuwa mtulivu. Kila mmoja alimtazama mwenzake. Nikaitoa kamera mkobani, maana niliogopa kuiacha nyumbani. Kamera inaandika tarehe na saa yenyewe.

"Julai tano, saa nne na dakika kumi asubuhi," nikasema. Nikamwonyesha ile ya asili.

Alikikaribia kioo. "Hili shuka ni jeupe kweli?"

"Jeupe. Nilipima kwa karatasi."

Aliitazama picha, akamtazama mtoto, akapima kwa jicho siku nne zimeongeza kiasi gani. Kisha akaita watu na mlango ukafungwa. Baadaye alitoka na kutuambia damu ina manjano mengi mno, kwamba manjano hayo yakifika ubongoni hayatoki, kwamba hawezi kusema leo kama yamefika, atasema kesho. Dilorom aliuliza kama angekuja jana ingekuwa vipi. Daktari akasema, "Mmekuja leo."

Mimi ndiye jana.

Julai 10

Madaktari hawajasema lolote bado.

Julai 11

Wanamtibu kwa mwanga. Nilidhani nimesikia vibaya. Amelazwa uchi ndani ya sanduku la kioo, chini ya taa za bluu, na ngozi yake inaunywa ule mwanga na kuyayeyusha manjano. Macho yamefunikwa kwa kitambaa cheupe ili yasiumie.

Bibi alisimama nje ya kioo muda mrefu. "Wamemfunika macho," akamwambia Mama. "Unaona? Hata wao wanazijua habari za jicho."

Mama alicheka, mara ya kwanza tangu juzi, kisha akageuka ukutani na kufuta uso.

Umed alipiga. Nilitoka nje kwenye benchi na kumwambia yote: pazia, picha, saa mbili za kusogeza rangi. Nilimwambia yule mwekundu kama tofaa nilimtengeneza mimi. Nilisikia mashine za kazini kwao.

"Nitumie ya kweli," akasema mwishoni.

"Ni mbaya, kaka."

"Ni mwanangu. Nitumie."

Nikatuma. Hajajibu.

Julai 12

Daktari amesema kiwango kinashuka. Amesema tena, polepole, kwa ajili ya Bibi.

Julai 14

Leo mtoto amelia. Amelia mpaka wa chumba cha pili wakagonga ukuta. Dilorom alikaa akimsikiliza, hakumnyamazisha. Bibi anasema ile ni sauti ya ukoo wake.

Umed ameandika: "Nimeifuta ile ya tofaa. Hii nyingine nimeibakisha." Halafu: "Sikulaumu. Lakini usinitengenezee tena mtu."

Julai 16

Tumerudi. Daktari amesema atamtazama tena kila wiki, na amemwambia Bibi usoni pake, kwa heshima lakini bila kuzunguka, kwamba chumba kiwe na mwanga.

Jioni, kabla ya chakula, Bibi aliniita na kunyoosha mkono. Nilijua anataka nini. Aliifunga kamera kwa skafu yake ya hariri, akaiweka kwenye sanduku lake la mahari, akalifunga kwa ufunguo anaouvaa shingoni.

"Jicho lako ndilo lililomtia manjano," akasema. "Nitaamini hivyo mpaka nife."

Nilijua majibu. Nilikuwa nimeyasoma yote hospitalini, kwenye karatasi waliyotupa. Sikuyasema. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba, na nyuma yake pazia lilikuwa limefungwa nusu.

Nusu.

Julai 19

Tumepasua ndoo tisa. Sina kamera, na bado nahesabu mwanga wa kila saa.

Julai 22

Mvua, hatimaye, na tulichelewa. Trei sita zimekuwa nyeusi. Dilorom alinitazama nikizimwaga kwa ng'ombe. "Hizo hata posa hazitapata," akasema, mbele ya Bibi, kwa sauti ya kawaida. Bibi alijifanya hajasikia. Niliandika humu kwamba Dilorom ni maji ya uvuguvugu. Sitayafuta, ili nikumbuke nilivyokosea.

Julai 27

Savsan amelia mara tano. Nimekuwa nahesabu.

Agosti 2

Bibi aliniuliza, bila kuniangalia, kama ile karatasi nyeupe ndiyo iliyoona au ni kamera.

Nilifikiri kabla ya kujibu. "Kamera iliona, Bibi. Karatasi ilinizuia nisibishe. Lakini nilibisha."

Akaendelea kusokota. Baada ya muda akasema, "Pazia nililishona mimi. Mahameli mazito. Watu walikuja kulitazama."

Agosti 7

Siku arobaini ziliisha jana. Leo wamemwogesha mtoto kwa maji ya vijiko arobaini, mimi nikiwa mhesabuji, na wanawake wa mtaa wamekuja na mikate. Walipoondoka, Bibi alikaa juu ya godoro la dirishani, akavua ufunguo shingoni na kunirushia pajani.

Skafu ilikuwa na harufu ya kitunguu saumu. Betri ilikuwa imebaki kidogo.

Nilikwenda kwa Dilorom kwanza. Nikamuuliza, "Wifi, naomba nimpige picha Savsan." Akasema, "Mpige, lakini ukimfanya wa waridi nitakuoza mwenyewe." Nilimpiga mapajani kwa mama yake, karatasi kwanza, kisha uso. Ametoka na rangi ya ngano, na chunusi ndogo puani. Nilimtumia Umed kama ilivyo.

Kisha nikaenda na kusimama mbele ya Bibi. Nikasema, "Bibi, naomba nikupige picha ya uso."

"Uso huu? Umechelewa miaka arobaini."

Nilibaki nimesimama. Sikuondoka wala sikurudia.

Alinitazama muda mrefu, kisha akasema, "Ngoja nivae kitambaa cheupe. Nisije nikageuzwa bluu."

Alichukua muda wake. Alifunga kitambaa, akakifungua, akakifunga tena. Nilivuta pazia, upande mmoja na wa pili, mpaka mwisho wa fimbo. Niliweka karatasi gotini kwake, nikaipiga, nikaiondoa. Nilisogea kwa miguu hatua tatu. Nilimuuliza kama yuko tayari, akaitikia kwa kichwa, nikapiga moja.

Kisha niliiweka kamera mahali pake, nikapanda paani kumsaidia Mama kufunga magunia ya aprikoti.